Kucheka Dunia Ikibomolewa: Kitabu Tunachosoma Buyenzi

Mwezi huu zamu ya kuandika ni yangu, na mara hii siongei juu ya listi, wala juu ya mgao, wala juu ya mafunzo ya ushonaji. Naongea juu ya kitabu cha kuchekesha ambacho bado hatujakimaliza. Tuko katikati. Kimeshatugombanisha, kimetuchekesha mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, na Jumamosi moja kilimfanya kijana mmoja aseme kitu alichokuwa hajakisema toka avuke Rusizi. Nimeona niandike sasa, kabla ya mwisho, maana mtu akishamaliza kitabu anaanza kuongea kama mwalimu. Sisi bado tuko njiani.

Kitabu kimeandikwa na Mwingereza, Douglas Adams. Kwanza kilikuwa mchezo wa redio ya BBC mwaka 1978, halafu mwaka 1979 kikatoka kama kitabu. Kwa Kiingereza kinaitwa The Hitchhiker's Guide to the Galaxy. Nakala yetu ni ya Kifaransa. Kwa Kiswahili chetu ningesema ni mwongozo wa mtu anayezunguka kati ya nyota kwa kuomba lifti. Adams mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia mwaka 1971, akiwa kijana anayetembea Ulaya bila pesa, amelala shambani usiku karibu na mji wa Innsbruck kule Austria, anaangalia nyota, na mkononi ana kitabu cha kuelekeza waomba lifti wa Ulaya. Akawaza: mbona hakuna kitabu cha namna hii cha kule juu? Alifariki mwaka 2001, akiwa na miaka 49.

Tunakutana Jumamosi saa tisa mchana, Buyenzi, kwenye parseli ya mama mmoja anayetuazima kivuli cha mwembe wake na benchi mbili. Tuko 12, siku nyingine 15. Wengi ni Wakongo wa Kivu Kusini, wa zamani na wa juzi. Kuna Mrundi mmoja aliyekulia Nyarugusu, Tanzania, Kiswahili chake kinatupita sisi wote. Kuna dada wa Gatumba, Mrundi pia, ambaye maji ya ziwa yaliingia nyumbani kwao mpaka dirishani na hayakutoka. Nakala ni moja tu, ya mitumba, jalada limeshikwa na skochi. Mimi nasoma Kifaransa kimoyomoyo, halafu natoa Kiswahili kwa sauti. Tukifika kurasa kumi tunafunga na kuanza kubishana.

Kwa wasiokijua, hadithi inaanza hivi. Arthur Dent anaamka siku ya Alhamisi, anakuta makatapila mbele ya nyumba yake. Nyumba inabomolewa ili barabara ipite. Anatoka na kanzu ya kulalia, analala kwenye tope mbele ya katapila. Mtu wa ofisi anamwambia: ulikuwa na muda wa kulalamika, plani zilikuwa zimewekwa wazi kwa watu. Wazi namna gani? Kwenye chumba cha chini ya ardhi kisicho na taa wala ngazi, ndani ya kabati iliyofungwa kwa ufunguo, kabati iko chooni, choo hakitumiki, na mlangoni kuna kibao cha kuonya watu juu ya chui.

Kabla Arthur hajamaliza kugombea nyumba yake, meli kubwa za viumbe wanaoitwa Vogon zinatokea mbinguni. Wanatangaza kwamba dunia yote itabomolewa, maana kuna barabara ya anga inapita hapo. Watu wanapiga kelele. Vogon wanajibu: mnalalamika nini, plani ziliwekwa kwenye ofisi ya nyota ya jirani miaka 50, ni kosa lenu hamkwenda kuzisoma. Dunia inaisha. Anayepona ni Arthur, kwa sababu rafiki yake Ford Prefect kumbe si mtu wa dunia. Ni msafiri wa sayari nyingine aliyekwama huku miaka 15 akingoja lifti. Ford anamvuta Arthur, wanaingia kwa siri kwenye meli ya hao hao waliobomoa.

Niliposoma habari ya kabati na choo na chui, nilifikiri watacheka kidogo. Mzee mmoja kijana, tunamwita mzee kwa sababu ya sauti yake, aliteremka kwenye benchi akakaa chini kabisa kwa kucheka. Akasema: "Huyu mzungu alikaa wapi? Alikaa kambi gani?" Kila mtu akatoa ya kwake. Mmoja alisimulia tangazo lililobandikwa kwenye mlango, na siku hiyo mlango ulikuwa umefunguliwa ukaegemea ukuta, kwa hiyo karatasi ilikuwa inasomwa na ukuta. Mwingine alipewa rendevuu ya siku ambayo ilikuwa imeshapita. Ofisi gani, nchi gani, sitaji. Si ndiyo jambo lenyewe. Jambo ni kwamba tulikuwa hatujawahi kuyasema haya kwa kucheka. Siku zote tunayasema kwa hasira, na hasira ya namna hiyo inakuchosha wewe, haimchoshi mwenye mlango.

Hapo ndipo ubishi wa kwanza ulipoanza. Dada wa Gatumba aliuliza: hao Vogon ni wabaya? Kitabu kinasema si waovu hasa. Ni watu wa taratibu. Hata bibi yao akiwa kwenye hatari hawamwokoi mpaka amri itoke na saini zote zikamilike. Kijana mmoja wa Uvira akasema: "Ba-Vogon ni batu ya biro, basi. Hawakuchukii. Hawakuoni." Mwenzake akakataa: "Kama hakuoni na anabomoa nyumba yako, kuna tofauti gani na anayekuchukia?" Yule wa Nyarugusu akasema tofauti ipo. Anayekuchukia anajua jina lako.

Halafu wakageuka, wakaniangalia mimi. Mnajua kazi yangu ya kujitolea. Navaa jile, nasimama mbele ya mstari, nasoma majina. Toka Februari 2025, vita vilipofika Bukavu na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kuingia Burundi, nimesimama kwenye mistari mingi. Niliona uwanja wa mpira wa Rugombo ukijaa mpaka huoni nyasi. Baadaye niliona watu wakipakiwa kwenda Musenyi, kule Rutana, na wengi hawakuwa wamewahi kusikia hilo jina. Mzee kijana akaninyooshea kidole: "Na huyu je? Vogon mdogo mwenye jile!" Walicheka mpaka mama mwenye parseli akatoka jikoni.

Nilicheka pia, na usiku nikawaza. Mimi siandiki listi, naisoma. Jina lako lisipokuwapo, mimi ndiye unayenitazama usoni, na mimi sina kalamu ya kuliongeza. Najua kwa nini taratibu zipo. Bila listi, mwenye nguvu anachukua mara tatu na bibi mwenye wajukuu wanne anarudi na ndoo tupu. Hilo nimeliona kwa macho. Kwa hiyo sitaki watu wa misaada wanaosoma hapa wafikiri nawatukana. Lakini nawaambia kitu ambacho kitabu hiki kimenionyesha: tangazo ambalo mtu hawezi kulifikia halijatangazwa. Kama karatasi ni ya Kifaransa na mama anasoma Kiswahili, au hasomi kabisa, basi ile karatasi iko kwenye kabati, chooni, na chui yuko mlangoni. Siku hizi nikimaliza kusoma listi naizunguka mistari nasema tena kwa mdomo, Kiswahili, Kifuliiru kidogo ninachojua, na Kirundi. Inaongeza nusu saa. Hakuna aliyenikataza.

Kuna mambo mepesi pia. Ford anamwingizia Arthur samaki mdogo sikioni, na samaki huyo anamtafsiria lugha zote za ulimwengu. Mama mwenye parseli, ambaye anasema yeye hasikilizi, yeye anachambua maharage tu, alinyanyua kichwa: "Samaki sikioni? Mkubwa gani?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema: "Aa, ndagala. Angekuwa mukeke ningesema mmlete hapa jikoni." Toka siku hiyo mtu akishindwa kuelewa Kirundi cha sokoni anasema ndagala yangu imekufa.

Na kuna taulo. Kitabu kinasema msafiri wa nyota lazima awe na taulo kuliko kitu kingine chochote. Unajifunika nalo, unalalia, unajikinga. Lakini sababu kubwa ni nyingine: mtu akikuona una taulo, anafikiri lazima una sabuni pia, una mswaki, una ramani, wewe ni mtu aliyejipanga; basi ukisema umepoteza vitu hivyo anakuazima kwa furaha. Hapo hakuna aliyecheka sana. Wote tulikuwa tunakubali kwa kichwa. Nimeona kwenye mapokezi: mama akifika na beseni lake safi na kitenge kimekunjwa juu yake, wanamsemesha "mama, karibu." Akifika na mfuko wa plastiki umepasuka, wanamwambia "wewe, kaa pale." Mama ni yule yule, vita ni vile vile. Bwana Adams hakuwa mkimbizi. Lakini aliwahi kulala nje bila pesa, na hilo alilijua.

Sasa nafika kwenye ile Jumamosi.

Arthur yuko ndani ya meli ya Vogon, dunia imeshakwisha, na anajaribu kuelewa. Anajiambia Marekani haipo tena. Hasikii kitu. Anajiambia New York haipo. Hasikii kitu. Ni kubwa mno, haiingii kichwani. Anaendelea kushuka, anatafuta kitu kidogo zaidi, kidogo zaidi, mpaka anafika kwenye mkate wa nyama wa McDonald's. Haitakuwapo tena kamwe. Hapo anazimia. Akiamka analia anamwita mama yake.

Mwandishi ameiweka kama mzaha, na sisi tulianza kwa kucheka: dunia nzima imekufa, analilia sandwichi! Halafu mtu mmoja akauliza, bila kumwangalia yeyote: "Nyinyi yenu ilikuwa nini?"

Dada mmoja alisema kwake ilikuwa sauti ya konvoyeri wa gari la Uvira akiita abiria, namna alivyovuta neno la mwisho. Dada wa Gatumba alisema daftari lake la hesabu la darasa la sita. Nyumba alijua imekwenda, lakini daftari ndilo lililomliza, na hata hesabu hakuipenda. Mimi nilisema mbwa wa jirani. Nilikuwa na miaka tisa tulipotoka. Tulimchukia sana yule mbwa.

Tuko na kijana mmoja wa upande wa Kamanyola, miaka 19, aliyevuka Februari 2025. Alikuwa anakuja kila Jumamosi toka Juni, anakaa mwisho wa benchi, anasikiliza, anaondoka. Salamu tu. Siku hiyo akasema:

"Kwetu mlango wa choo ulikuwa haufungi. Kwa hiyo ukiwa ndani unaimba, ili mtu asikuingilie. Papa alikuwa anaimba wimbo mmoja tu wa kanisani, miaka yote, na anaukosea mahali pamoja. Nilipofika uwanjani Rugombo nikasimama mstari wa choo. Watu wengi. Wote kimya. Hakuna aliyekuwa anaimba. Ndiyo nikajua."

Tulicheka, kwa sababu inachekesha. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka akisimulia. Halafu kila mtu kwa wakati wake akasikia lile neno "alikuwa." Baba yake hakuvuka naye. Mpaka leo hajui aliko. Mama mwenye parseli alisimama akaenda kuchemsha chai, hakusema kitu.

Baada ya chai tukabishana vibaya. Dada mmoja kati yetu amefunzwa kusaidia watu wenye maumivu ya moyo, na alisema wazi: tuache kitabu hiki. Alisema mnachezea vidonda. Leo mmefungua mtu mbele ya watu kumi, nani atamfunga? Alisema mambo haya yana mahali pake, yana mtu wake, na benchi ya Buyenzi siyo. Mwingine akamuunga mkono: yeye alikuja kusoma kitabu, hakuja kulia. Mzee kijana akajibu: "Na kule kwenye mahali pake, nani anamruhusu kucheka? Kule ukicheka wanaandika kwamba hauko sawa." Dada akasema hapana, hiyo ni kutokujua kazi. Sauti zilipanda.

Nataka niseme haki: dada hakusema upuuzi. Nimeona watu wakisimulia mambo yao mbele ya kamera na wageni, halafu wageni wakapanda gari, na msimulizi akabaki peke yake usiku na hadithi yake imefunguka kama mlango. Hofu yake ni ya kweli. Lakini mimi naona kuna tofauti moja. Yule kijana hakuulizwa na mtu anayejaza fomu. Hakuwa anathibitisha kitu ili apate kitu. Siku zote tukisimulia, tunasimulia ili kuaminiwa: umetoka lini, nani alikufa, ulimwona kwa macho? Hadithi ya choo haimsaidii kwenye dosie yoyote. Hakuna fomu yenye mstari wa wimbo wa papa. Aliitoa bure, kwa sababu Mwingereza mmoja alimwonyesha kwamba inaruhusiwa kulilia kitu kidogo na cha kuchekesha, na kwamba huo nao ni msiba kamili.

Tulimuuliza yeye mwenyewe. Alifikiri, akasema: "Mimi nataka kujua kama huyo Arthur anapata chai." Maana Arthur kila anapofika anatafuta chai.

Tulipiga kura. Wanane walisema tuendelee, watatu walisema tuache, mmoja hakuinua mkono. Tukaweka masharti mawili, na yote ni ya yule dada. La kwanza: mtu yeyote anaweza kuondoka wakati wowote, bila kueleza, na hakuna atakayemuuliza. La pili: yeye dada anabaki nusu saa baada ya kila kikao, kwa anayetaka. Alipiga kura ya kuacha, na amekuja Jumamosi zote zilizofuata. Naona huo ni uungwana mkubwa.

Kuna sehemu nyingine imetupa kazi. Ndani ya hadithi kuna kitabu kinachoeleza sayari zote, ndicho Ford anachokiandikia. Arthur anatafuta wanasema nini juu ya dunia. Anakuta neno moja tu, kwamba haina hatari. Ford anamwambia usikasirike, mimi nimekaa huko miaka 15 nikitafiti, na nimepanua maelezo. Kumbe ameongeza neno moja: kwamba haina hatari sana.

Yule wa Nyarugusu akatoa simu, akawasha mega zake za mwisho, akaandika majina ya miji yetu kwenye intaneti. Uvira: vita, mafuriko, kipindupindu. Kamanyola: vita, mpaka. Gatumba: mafuriko. Basi. Sisi tulikaa miaka mingapi kule, na dunia imeandika maneno mawili. Tukasema kila mtu aandike maelezo yake mafupi, kama ya ule mwongozo, kwa msafiri wa nyota atakayepita. Naweka machache, wenyewe wameniruhusu.

Juu ya Uvira: "Mji umebanwa kati ya mlima na ziwa, kwa hiyo huwezi kupotea, unaweza tu kuchelewa. Ukiambiwa gari linaondoka sasa hivi, nenda kale kwanza."

Juu ya Gatumba: "Wenyeji wanajua kuogelea na kuhamisha kitanda usiku. Viboko wana haki ya kupita. Usibishane nao juu ya barabara."

Juu ya Kamanyola: "Kuna choo kimoja chenye muziki."

Huyo wa mwisho mnajua ni nani.

Na kuna mwenzetu ambaye tumempa jina la Ford Prefect. Familia yake ilifika Burundi mwaka 2010, kwa hiyo hesabu ni ile ile ya Ford, miaka 15 akingoja lifti. Na lifti ilikuwa imekuja. Walipimwa afya, walipewa tarehe, waliuza vitanda na masufuria. Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na safari zikafutwa. Sasa wanalala kwenye mikeka ndani ya nyumba ambayo walikuwa wameshaiaga. Nilipofika mahali Ford anasema amekaa miaka 15 kwenye sayari ya watu wengine akiangalia juu, mwenzetu alivua taulo alilokuwa amejitanda mabegani kwa jasho, akalipeperusha juu kama anasimamisha gari. Hatukujua tucheke au tunyamaze. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, tukamfuata.

Watu wengine watasema: mbona mnasoma Mwingereza, hamna vyenu? Vipo. Yule wa Nyarugusu alituambia juu ya Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi wa Kenya, iliyotoka mwaka 1995, ya Kiswahili kabisa. Mtu anaitwa Dzombo amehukumiwa kifo kwa sababu ya kusimama na ukweli, anatiwa kwenye chombo cha anga ili afie huko, na badala ya kufa anafika kwenye sayari ambako watu wanaishi kwa haki. Jina la sayari ukilikata vipande linasema: wale ni sisi. Mkangi mwenyewe aliwekwa kizuizini Kenya miaka ya 1980. Kwa hiyo mtu wetu pia alishaona kwamba ukitaka kusema ukweli wa hapa chini, wakati mwingine unapanda kwanza juu. Nakala bado tunaitafuta. Mwenye nayo Nairobi, Kakuma au Dar es Salaam atuambie.

Ila nimeona tofauti. Dzombo anapata nchi nzuri kuliko aliyoiacha. Arthur, mpaka hapa tulipofika, hajapata kitu. Ana kanzu ya kulalia na rafiki mmoja. Wametupwa nje ya meli, kwenye anga tupu, ambako mtu akivuta pumzi moja kubwa anaweza kukaa sekunde 30. Sekunde ya 29 meli nyingine imewaokota. Tumeishia hapo. Ubishi wa wiki hii ni kama hiyo ni bahati au ni mwandishi kutuonea huruma. Mzee kijana anasema haiwezekani, ni uongo. Kijana wa Kamanyola akamjibu polepole: "Mtumbwi niliovuka nao ulikuwa wa mwisho siku ile. Haiwezekani pia. Niko hapa."

Watu wa misaada mnaosoma hapa, nina ombi dogo. Mkija na mradi wa vijana, msituletee tu karatasi kubwa na kalamu za rangi tuchore maumivu yetu. Leteni na vitabu vya kuchekesha, nakala mbili ikiwezekana, na ya Kiswahili ikipatikana. Na ninyi vijana wenzangu, mlioko Musenyi, Bwagiriza, Kavumu, Nyarugusu, mjini na kambini, nawauliza lile swali tuliloulizana sisi: yenu ilikuwa nini? Siyo nyumba, siyo nchi. Kile kidogo. Andikeni mistari mitatu, minne, ya mji wenu, kama mnamwelekeza msafiri wa nyota. Na anayetaka kulia alie, anayetaka kucheka acheke, anayetaka kunyamaza tutamwachia nafasi kwenye benchi.

Jumamosi tunaendelea saa tisa, esansi ikipatikana au isipopatikana, maana wote tunakuja kwa miguu. Anayejua mwisho asituambie. Na kama Arthur anapata chai, hilo hasa msiseme. Kuna mtu anangoja kulisikia.